Nyota Ufagio katika Nyumba ya Mizimu

Mwezi wa tatu, tarehe 21. Siku ya Sungura.

Imeonekana nyota ufagio, ile yenye mkia. Aliyeiona si mimi. Aliyeiona ni Pyo Manseok.

Ningevumilia kama angekuwa mtu baki. Lakini Manseok ni mdogo wake mke wangu, kwa hiyo habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipovua viatu mlangoni nikakuta wali mweupe badala ya shayiri. Nikauliza kuna sikukuu gani. Mke wangu akasema mdogo wake ameuletea ukoo heshima. Nikala. Wali ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kazini, Idara ya Nyota, hakukaliki. Mkuu wetu, Bwana Ma Heungdo, ametandaza ramani ya nyota sakafu nzima na anatembea juu yake kwa soksi. Kuanzia leo, kila usiku watu wawili watapanda jukwaa la mawe, watapima nyota ilipo, wataandika majina yao chini ya ripoti, na kabla jua halijachomoza ripoti iwe imefika kwa watu wa Mfalme. Ufagio ukipita mbinguni lazima ufagie kitu. Ikulu wanataka kujua ni kitu gani, na hasa kama ni wao.

Sasa hivi iko pembezoni mwa nyumba ya nyota iitwayo Kisima, inasogea uzi mmoja wa kipimo chetu kwa siku kuelekea Nyumba ya Mizimu. Kati ya nyumba zote ishirini na nane za mbinguni, imechagua hiyo! Katikati yake kuna doa jeupe hafifu ambalo vitabu vyetu vinaliita Moshi wa Maiti. Bwana Ma alipoligusa kwenye ramani kwa kidole cha mguu aliurudisha mguu haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto.

Kuna jambo naliandika hapa tu. Mimi siioni. Tangu msimu wa mavuno macho yangu yameniasi. Vya karibu naviona, hata mguu wa chawa. Vya mbali vyote vimeota manyoya. Wenzangu wanatafuta nyota moja yenye mkia. Kwangu mimi zote zina mkia.

Mpima nyota asiyeona nyota. Miaka kumi na sita katika cheo cha tisa, na chini ya hicho wako wapishi. Wakijua, nitawakuta wapishi pia wamenipita. Kesho ni zamu yangu na mzee Ok Chilbong. Nina mpango.

Tarehe 22. Siku ya Joka.

Mpango ni huu. Chukua hesabu ya Manseok ya jana. Ongeza uzi mmoja. Andika. Sijui kwa nini babu zetu walijisumbua kujenga jukwaa.

Ok Chilbong ana miaka sitini na miwili na kikohozi kinachoamsha mbwa wa mitaa mitatu. Ni mkubwa wangu, kwa hiyo nikamkaribisha kwenye mrija wa kupimia, ulio katikati ya pete zake za shaba, atazame kwanza. Akasema wazee hukaa nyuma, nitazame mimi. Nikasema heshima ni bora kuliko ujana. Akasema ujana haurudi, niutumie. Tukakaribishana hivyo mpaka umande ukatulowesha mabega.

Mwishowe nikaweka jicho. Manyoya matupu. Nikavuta pumzi kama mtu anayepima jambo zito, nikataja hesabu yangu ya nyumbani. Ok akaweka jicho lake, akakaa muda wa kuchemsha chai, akasema hivyo hivyo ndivyo na yeye alivyoona.

Uvivu wa wazee! Hakubishania hata robo uzi. Wakati wa kushuka alishika ukuta ngazi zote, kiganja kikipapasa mawe kama anayetafuta jina lililoandikwa.

Tarehe 23. Siku ya Nyoka.

Manseok amepima leo. Hesabu yangu ya jana haikukosea hata unywele. Bwana Ma alinitikisia kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa sijatikisiwa kichwa tangu mwaka wa mafuriko.

Nimefikiri sana juu ya ripoti. Manseok huandika kama anahesabu magunia: iko hapa, mkia dhiraa moja, rangi nyeupe. Nani atakumbuka ripoti ya namna hiyo? Ya kwangu ijayo itakuwa na mkia wa dhiraa tatu na rangi ya kifua cha njiwa.

Halafu nikasikia jambo kwa mwandishi wa ikulu. Wanasubiri usiku ambao ufagio utafika hasa penye Moshi wa Maiti. Atakayeupima usiku huo jina lake litasomwa mbele ya Mfalme. Nikahesabu kwa vidole. Ni tarehe 25. Nikatazama orodha ya zamu. Manseok na Ok.

Nikamwendea Bwana Ma nikiwa na uso wa huzuni. Nikamwambia inaniuma kumsema shemeji yangu, lakini macho yake yana ugonjwa, asubuhi hutoa usaha, anajikaza tu kwa ajili ya kazi. Bwana Ma akashtuka, akafuta jina lake, akaandika langu.

Manseok alipoiona orodha alinitazama muda mrefu. Nikakumbuka nina shughuli stoo ya karatasi.

Tarehe 25. Siku ya Mbuzi. Naandika alfajiri.

Usiku wa ajabu. Niuandike kwa utaratibu.

Kwanza ukungu. Uliingia mjini kutoka mtoni wakati wa kuwasha taa, ukajaza vichochoro, ukapanda ngazi za jukwaa moja moja. Kanuni ni wazi: penye ukungu unaandika “ukungu”. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupandishwa cheo kwa ajili ya ukungu.

Nilikuwa peke yangu. Jana Ok alikuwa hakuja kazini, alituma ujumbe kwamba kifua kimembana, ila zamu yake hataikosa. Nikakaa kwenye jiwe nikatunga. Nyuzi mbili ndani ya Mizimu. Dhiraa tatu. Kifua cha njiwa.

Kengele ya kufunga malango ya mji ikaanza kulia. Ilikuwa bado inalia nilipogundua kwamba Ok amesimama kando ya mrija. Sikusikia hatua. Nikamwambia hajambo sana, maana hakohoi. Akasema ni kweli, kimeacha. Nikamwomba jina la dawa. Akasema nisiwe na haraka.

Kengele ilipokwisha, mbali ng'ambo ya kijito nikasikia sauti ya mtu, juu juu, kama amepanda paa. “Rudi! Rudi! Rudi!” Maneno mengine yalimezwa na ukungu. Nikajua kuna mtu kapotelewa na ng'ombe. Ok aligeuza kichwa upande ule, akasikiliza, akasema wanamwita nyumbani, lakini tumalize kwanza.

Huyo ndiye mtu wa kazi!

Akaweka jicho kwenye mrija. Nikamwambia mzee wangu, mbele yako kuna ukungu mtupu, hata mkono wako huuoni. Akataja nyuzi, robo na nusu robo, polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Nyuzi mbili na robo ndani ya Mizimu. Mkia dhiraa moja na nusu, umeupita Moshi wa Maiti katikati. Nikaandika. Baridi ilikuwa imenifika mifupani.

Kisha akasema, bila kuondoa jicho:

“Deoksu, miaka sita sijaona nyota hata moja. Leo naziona zote, hata zile zilizo nyuma ya nyingine.”

Nikachovya brashi kwenye wino.

“Wewe umeanza lini?”

Nikauliza kuanza nini. Akangoja. Alikuwa na subira mbaya. Mwishowe nikasema wakati wa mavuno. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Sikuuona uso wake, ukungu ulikuwa katikati yetu.

“Mwambie Manseok,” akasema. “Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa macho yangu. Hakuwahi kunidai hata shukrani.”

Nikamshukuru Mungu wa mbinguni kwa usiku ule. Kumbe Manseok amekuwa akimpa mwenzake hesabu kinyemela miaka sita! Hiyo ni hila mbele ya dola. Nikihitaji kumwangusha, kamba ninayo mkononi.

Ok akachukua brashi, akaandika jina lake chini ya langu. Vidole vilipogusa vyangu vilikuwa baridi kama pete za shaba. Nikainama kukunja karatasi. Nilipoinuka hakuwepo. Ngazi ni thelathini na moja, nazo hulia. Hazikulia.

Jambo moja la kuudhi. Wino wa jina lake haukauki. Nimepuliza, nimetia majivu. Langu kavu, lake bichi. Nimepeleka ripoti hivyo hivyo.

Tarehe 26. Siku ya Nyani.

Ok Chilbong amekufa.

Si leo asubuhi. Jana. Alikata roho nyumbani kwake muda mfupi kabla ya kengele ya malango, mkewe kamshika mkono, majirani wawili wakiwepo. Mpwa wake akapanda juu ya paa na kanzu ya marehemu, akaiita roho mara tatu, kama inavyotakiwa.

Kwa hiyo yule hakuwa mtu wa ng'ombe.

Nilienda chooni mara tatu kabla ya kuitwa na Bwana Ma. Alikuwa ameiweka ripoti yangu juu ya meza, peke yake, kama sahani ya chakula kilichoharibika. Ilikuwa adhuhuri na jina la Ok bado lilikuwa bichi. Alikuwa ameligusa kwa kidole, na sasa ananawa. Aliniuliza maswali huku akinawa, akabadilisha maji, akanawa tena.

Aliniuliza nani alitia jina hili. Nikasema Ok. Akauliza saa ngapi. Nikasema baada ya kengele. Akasema basi ama nimeghushi jina la marehemu, na hiyo ni bakora themanini na kufukuziwa kisiwa cha mbali, au nina ushahidi mwingine ambao yeye hataki kuusikia.

Nikasema labda saa za nyumbani kwa Ok hazikuwa sawa.

Akasema tutangoja. Usiku huu Manseok apime. Kama hesabu yangu ya ukungu ni ya kutunga, itajulikana.

Na anga ikawa safi kabisa usiku huu, kwa makusudi. Nilikaa chini ya jukwaa kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Manseok alishuka na karatasi yake, wakatandaza ramani, Bwana Ma akavuta mstari kutoka siku ya kwanza mpaka leo. Mstari ulipita katikati kabisa ya nyuzi mbili na robo. Hata askari wanaolinda moto wa ishara mlimani, ambao kwao ukungu haukufika, walikuwa wameleta habari kwamba jana mkia ulilipasua lile doa jeupe katikati.

Manseok akaongeza kwamba nyota imepunguza mwendo. Ilikuwa inakwenda uzi mzima, sasa haifiki nusu. Anavyoona yeye, inatembea kama mtu aliyefika kwao. Hakuna aliyemcheka.

Bwana Ma akanivuta pembeni.

“Nikikupa zawadi, nimemtunza mtu aliyesainiwa na maiti. Nikikupiga, nimempiga mtu aliyesema kweli. Niletee neno la mjane kwamba mumewe alikufa alfajiri. Halafu sote tulale.”

Tarehe 27. Siku ya Jogoo.

Nilijiandaa vizuri kwa ajili ya mjane. Mjane anataka nini? Anataka kusikia kwamba alipendwa. Njiani nikatunga maneno ya mwisho ya Ok, marefu, yenye mwezi, maji yanayotiririka na bata wawili waaminifu. Nilipofika mlangoni kwake nilikuwa karibu kulia mwenyewe.

Mjane wa Ok ni mwanamke mdogo wa umbo, amevaa nguo za katani ya msiba, nywele wazi. Alinikaribisha vizuri, akaniita shemeji. Nikamweleza shida yangu kwa njia ya kuzunguka. Akasikiliza. Akasema atasema chochote ninachotaka, sharti moja: nimwambie mumewe alisema nini kule juu.

Sikuwa nimemwambia kwamba nilimwona. Nilikuwa nimesema tu kuna kosa la saa.

Nikauliza amejuaje. Akanyoosha mkono kwenye kizingiti. Viatu vya Ok vya majani vilikuwa pale, soli zimejaa tope la rangi ya kutu, lile la chini ya jukwaa letu, halipatikani mahali pengine mjini. Akasema alimvua viatu hivyo siku tatu kabla hajafa, akavifuta mwenyewe, akavipanga. Asubuhi alivikuta hivyo, vimeelekea ndani.

Lakini nilikuwa nimetunga vizuri, ningeacha vipi? Nikaanza na mwezi. Nilipofika kwa bata akainua mkono.

“Shemeji, mume wangu hakunitaja na bata hata mara moja katika miaka arobaini. Niambie kweli.”

Nikamwambia kweli. Ni maneno machache, hayakuchukua muda. Kwamba miaka sita hakuona nyota hata moja. Kwamba usiku ule aliziona zote.

Kisha akacheka, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

“Miaka sita nimemtolea miiba ya samaki. Nilikuwa nikisema meno yangu mabovu, napenda kuchambua, aniachie mimi. Yeye akidhani sijui. Nami nikamwacha adhani.”

Sikujua pa kutazama. Nilitazama viatu, halafu nikajuta.

Nimerudi nyumbani jioni. Kulikuwa na samaki. Mke wangu alichambua miiba yote kabla hajaniwekea bakuli. Siku hizi hufanya hivyo kila mara. Anapenda kujishughulisha, ni ugonjwa wa kwao.

Tarehe 28. Siku ya Mbwa.

Mjane alikuja Idarani mwenyewe, kwa miguu, katika nguo zake za msiba. Bwana Ma akamuuliza mumewe alirudi nyumbani saa ngapi kutoka kwenye zamu. Akajibu bila kupepesa jicho kwamba alfajiri viatu vyake vilikuwa mlangoni, vina tope. Bwana Ma akamwambia mwandishi aandike “alfajiri” kabla hajasema neno la pili. Mjane alipokuwa anatoka alinipita karibu, akanong'ona kwamba hakusema uongo hata mmoja, na mimi nijaribu siku moja.

Nimepona. Zawadi hakuna, bakora hakuna. Ripoti imefungwa ndani ya sanduku, sanduku limefungwa ndani ya sanduku jingine.

Mchana Manseok alinifuata stoo ya karatasi. Akafunga mlango. Nikadhani amekuja kunidai lile la usaha wa macho, nikashika fimbo ya kufungulia madirisha.

Akasema anajua. Alijua tangu majira ya baridi, siku niliyoiamkia nguzo ya lango nikidhani ni Bwana Ma. Akasema kesho zamu ni yetu wawili. Yeye atatazama, halafu atataja hesabu kwa sauti, kama anajisemea. Mimi nitaandika, maana mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wote Idarani. Hakuna atakayejua. Hivyo ndivyo walivyofanya na marehemu, na marehemu alistaafishwa na kifo, si na Bwana Ma.

“Shemeji,” akasema, “si sadaka. Dada yangu halali usiku. Anajua, sote tunajua. Niachie macho, wewe kamata brashi.”

Nilimshukuru kwa ubaridi. Nikamwambia macho yangu ni mazima, nguzo ile ilikuwa imesimama vibaya. Akanitazama kama alivyonitazama siku ya orodha, akatoka.

Niwe kalamu ya Manseok! Yeye ataje, mimi niandike, jina lake juu, langu chini, mpaka mvi zinifike kwenye kope! Na nyumbani nile wali wa heshima yake mpaka nife!

La. Nimefikiri vizuri. Ok mzima hakuwa na faida kwa mtu. Ok marehemu alitoa hesabu isiyo na kosa ndani ya ukungu, bila kutaka malipo. Nyota bado haijatoka Nyumba ya Mizimu. Mlango, kwa hiyo, bado uko wazi. Kwa nini nitegemee macho ya shemeji wakati nina ya mtu anayeona hata zilizo nyuma ya nyingine?

Tarehe 29. Siku ya Nguruwe.

Ilikuwa kazi nyepesi kumwondoa Manseok. Jua lilipozama nilimpa mchuuzi wa tofu ujumbe ampelekee: mama yake kashikwa na tumbo, hali mbaya. Alitoka mbio hata kamba za kofia hajafunga. Mtu mwema huondolewa kirahisi.

Nikapanda na mtungi wa pombe ya mchele na samaki mkavu mmoja. Hakuna mwezi. Hakuna upepo. Mji wote chini umezimika kama umefunikwa kwa chungu. Juu, manyoya kila upande. Nikamimina kikombe, nikakiweka kando ya mrija, nikamwita Ok kwa jina lake mara tatu. Rudi, rudi, rudi. Nikaona aibu kidogo. Nikanywa kile kikombe kisipotee bure, nikamimina kingine.

Nikaita tena.

Ng'ambo ya pete za shaba mtu akajibu kwamba Ok hayupo, ameshapangiwa kazi nyingine. Je, anaweza yeye kunisaidia?

Nikasema bila shaka.

Akaja akakaa. Nilishindwa kumwona vizuri, na hilo lilinishangaza. Mimi vya karibu naviona. Huyu alikuwa karibu kama karatasi hii, na bado alikuwa na manyoya. Kanzu yake ilikuwa ya kiofisa, mikono mipana, ya mtindo wa enzi za babu yangu. Sauti ya upole. Alimla samaki mzima, kichwa na miiba, bila kutafuna.

Akanipa hesabu bila kugusa mrija wala kuinua uso. Nyuzi tatu na nusu na nusu robo, kizingitini pa kutokea Mizimu, mkia umegeuka. Nikaandika. Mkono wangu ulikuwa mzuri leo, herufi zimesimama kama askari.

Tukazungumza. Ni mtu mwenye elimu. Alisema kwao nako kuna Idara, kubwa kuliko yetu, na kwao zamu haikatizwi na mawingu. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayesahau. Tatizo lao ni watu, waandishi wenye mkono safi ni adimu. Akasema ripoti yangu ya siku ya ukungu waliisoma.

Miaka kumi na sita naandika, hatimaye kapatikana mtu anayesoma!

Akanisifia mwandiko. Akauliza nina cheo gani. Nilipomwambia cha tisa alitikisa kichwa, nadhani kwa kunionea aibu. Akafungua daftari refu lenye majina mengi, la Ok lilikuwa la mwisho. Akauliza jina langu linaandikwaje. Nikamwambia Bae, halafu Deok, kwa herufi ya wema, halafu Su, kwa herufi ya maisha marefu.

Akaandika ya wema vizuri sana. Ya maisha marefu aliikatiza, mistari kama mitano hivi haikuwepo. Nikamsahihisha kwa adabu. Akasema kwao huandikwa fupi.

Kila nchi na desturi zake. Sikutaka kuonekana mshamba. Nikaweka alama ya kidole pale aliponionyesha, naye akasema barua ya uteuzi wangu itafuata.

Manseok alirudi akihema. Mama yake mzima, alimkuta anamenya vitunguu. Hakunigombeza. Alitazama vikombe viwili, akauliza nilikuwa naongea na nani. Nikasema na nafsi yangu. Akanishika mkono anisaidie kuinuka, akaushikilia, akausugua kati ya mikono yake kama mtu anayefufua ndege, akasema nimekuwa baridi kama shaba, twende nyumbani, dada amewasha moto chini ya sakafu. Halafu akapima nyota. Nyuzi tatu na nusu na nusu robo. Alisoma karatasi yangu, akasoma tena, akauliza nani kanipa.

Nilitabasamu tu. Nikimwambia, naye ataomba nafasi. Kwa macho yake yale watamchukua yeye na kuniacha mimi.

Sasa nimekaa kwenye sakafu ya moto na sihisi moto, ila sijali, ni furaha. Mke wangu ameketi mlangoni, hataki kulala, ananitazama ninavyoandika. Analalamika kwamba wino wangu haukauki. Ningependa kumwambia aandae wali mweupe, zamu hii kwa ajili yangu, lakini nimeombwa nisitangaze kabla ya barua kufika.

Cheo cha tano! Kutoka cha tisa, kwa usiku mmoja, na bila mtihani.